Gari la Bi Digidigi Lisilo na Pazia

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakioana na wakizikana kama sisi, Bi Digidigi alifiwa na mumewe. Digidigi hutembea wawili wawili. Akibaki mmoja, hata nyasi hujua.

Kabla maji ya kuoshea maiti hayajapoa, Fisi alikuwa mlangoni. Hakuna aliyempelekea habari.

Alikuja na gari lake jeupe, lenye viti laini kama vitanda, baridi ya mashine na mapazia ya hariri. Lilinukia udi. Akasema atamchukua marehemu hadi makaburini, hataki kitu ila thawabu. Bi Digidigi akamshukuru, kisha akamuuliza jambo moja tu: jeneza litakaa wapi?

"Nyuma ya pazia, shemeji," alijibu Fisi. "Kwa heshima. Ndugu yangu atakaa naye."

Bi Digidigi alimkumbuka mtoto wa Swala, aliyesafirishwa kwa gari lile lile. Waliolipokea jeneza kaburini walisema lilikuwa jepesi kama kapu tupu. Lakini nani angethubutu kufunua sanda mbele ya watu? Walizika, wakanyamaza.

Basi akamjibu kwa adabu kwamba wao wana gari lao.

Fisi akalitazama, akacheka, kisha akakigeuza kicheko kuwa kilio.

Kwa kweli lilikuwa bati na magurudumu tu. Ndani mlikuwa na mabenchi mawili ya mbao yaliyotazamana, na sakafu tupu ya chuma, unaimwagia ndoo moja ya maji ikatakata. Halikuwa na redio, wala zulia, wala pazia. Lilikuwa limebeba mahindi, limebeba wajawazito, limebeba mbuzi waliokwenda harusini. Siku ile waliyasogeza mabenchi kidogo, na jeneza likaingia katikati bila kupindwa.

Wanaume walikuwa wametangulia upande wa pili wa kilima kuchimba kaburi. Mjane hatoki, lakini hapakuwa na dereva mwingine, kwa hiyo Bi Digidigi akashika usukani mwenyewe. Nyuma alikaa Ami Kobe, mzee wa ukoo, na tasbihi yake.

Ilikuwa alasiri. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na upepo. Ndege wote walikuwa kimya.

Kwenye kona ya kwanza alisimama mtu mwenye kanzu nyeupe, akainua mkono polepole. Akasema anamsindikiza marehemu. Msindikizaji wa maiti hakatazwi, hiyo ndiyo desturi. Bi Digidigi akasimama, yule akapanda.

Kwenye kona ya pili alisimama mwingine, mwenye kanzu ile ile na mabega yale yale yaliyoinama. Kwenye ya tatu, mwingine. Hakuna aliyetoa salamu. Wa tisa alikuwa Fisi mwenyewe, naye sasa alikuja kwa miguu.

Bi Digidigi akatazama kwenye kioo. Walikaa safu mbili, magoti yamegusa jeneza. Tr-tr-tr, jeneza lilitetemeka juu ya bati. Ami Kobe alikuwa amerudisha kichwa ndani ya gamba, ila tasbihi ilizidi kwenda.

Mmoja akalamba midomo. Wanane wakamgeukia pale pale. Akajifuta kwa mkono wa kanzu, akatazama chini.

Ndipo Bi Digidigi alipoelewa. Katika gari lile hapakuwa na mahali pa kujificha. Hakuna Fisi aliyeweza kunyoosha kidole bila kuonekana na wenzake wanane, na kila mmoja alichelea kwamba mwenzake atapata pande kubwa. Lakini njaa hushinda woga, na kilele cha kilima kilikuwa bado kidogo.

Hatua chache kabla ya kilele, gari likakohoa, kho-kho-kho, likanyamaza.

"Limezima," alisema Bi Digidigi. Na ni kweli lilikuwa limezima; yeye mwenyewe ndiye aliyegeuza ufunguo.

"Nilijua, shemeji," alisema Fisi. "La kwangu halisukumwi."

"La kwetu husukumwa. Sukumeni kidogo tu, kilele ni pale."

Fisi akaamuru wanne washuke. Wanne hao hawakuinuka.

"Nanyi watano mtabaki mkifanya nini?" aliuliza mmoja.

"Tutamlinda marehemu."

"Mtamlinda kwa meno?"

Wakabishana kwa minong'ono. Huyu akishuka, yule abaki. Yule akibaki, huyu hashuki. Mwishowe wakashuka wote tisa, kila mmoja akimchunga mwenzake. Ami Kobe akatoa shingo polepole, akalifikia komeo la mlango, akalifunga. Kacha!

Bi Digidigi aliachia breki. Mafisi wana nguvu, wanangu, tusiwanyime haki yao. Waliinamisha vichwa, wakasukuma, hii! hii! hii! mpaka magurudumu ya mbele yakavuka kilele. Gari likaanza kuteremka lenyewe. Bi Digidigi akarudisha ufunguo, akaachia klachi, na injini ikaamka, ngurrr!

Mafisi wakabaki kileleni, mikono bado imenyooshwa mbele, wakisukuma hewa. Kule bondeni Nyati na Ngiri walikuwa wamesimama na majembe, wakiwatazama. Hakuna Fisi aliyeshuka.

Jua halijatua, marehemu alikuwa amezikwa, mzima, kama Mungu alivyomchukua. Mkewe alibaki ndani ya gari, akaona yote kupitia kioo kitupu, hadi konzi ya mwisho ya udongo. Akasema lile tunalolisema sote, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Kisha akalia, na hakuna aliyemharakisha.

Basi wanangu, amana yako ibebe katika chombo ambacho kila jicho laona ndani yake.