Jina Alilolimeza Hondohondo

Ta.

Sauti moja tu, usiku, juu ya jani kavu. Kisha kimya.

Paukwa, mlio karibu na moto na mlio mbali na moto.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa sikio, tusikie.

Basi hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaamkiana asubuhi, palikuwa na msitu mlimani. Ndani ya msitu palikuwa na chemchemi. Karibu na chemchemi palisimama mvule mkongwe, mnene, wenye tundu kubwa katikati ya shina. Na ndani ya tundu alikaa Bi Hondohondo.

Mnaijua desturi ya hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa? Wakati wa kutaga ukifika, mke huingia tunduni. Mlango huzibwa kwa udongo. Hubaki ufa mwembamba, wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Mke hulalia mayai gizani. Mume huenda, hurudi, huenda, hurudi. Huko aendako humeza matunda. Akirudi huyacheua moja moja, akamlisha mkewe ufani.

Na mumewe, Hondohondo, alikuwa mpanzi. Alikula tunda, akatua tawini, akatema mbegu. Mvua iliponyesha, mbegu ikachipuka. Kila mwaka ilikuwa hivyo.

Msitu nao ulikuwa na sheria yake. Baada ya mvua za kwanza wanyama walikusanyika chemchemini, na kila mche mpya ukatajiwa mpanzi wake. Mche uliotajwa hauliwi. Paa aliuzunguka, nyati alinyanyua mguu asiukanyage. Mche usiotajwa hauna mwenyewe, huo ni mboga. Na yule aliyetajwa kuliko wote ndiye aliyekunywa maji wa kwanza. Sharti lilikuwa moja tu: hujitaji mwenyewe. Anakutaja aliyekuona kwa macho.

Mwitaji wa siku ya kutaja alikuwa Kima, juu ya tawi, mkia ukining'inia.

"Huu wa nani?"

"Wa Hondohondo."

"Na huu?"

"Wa Hondohondo."

Hondohondo akashuka, kifua mbele, akanywa maji wa kwanza. Wengine walisubiri. Maji yale yalikuwa matamu kuliko maji yote duniani, kwa sababu wengine walikuwa wanasubiri.

Sasa mwaka mmoja akaja mtu kurina asali. Akawafukiza nyuki kwa kijinga cha moto, akajaza kibuyu, akaenda zake. Kijinga akakiacha pale kinawaka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka. Upepo ukaja. Vuu! Upande mzima wa mlima juu ya chemchemi ukateketea. Mvule ule mkongwe ulipona, lakini mbele yake pakabaki uwanda mtupu, majivu na visiki. Mvua kidogo ikinyesha, majivu yaliteremka chemchemini.

Hondohondo akautazama uwanda. Hapakuwa na tawi. Na hondohondo hapandi mahali asipoweza kutua. Akageuka, akaendelea kupanda msituni, penye miti tele.

Ndipo usiku ule, akiwa amesinzia tawini nje ya mlango wa mkewe, akasikia.

Ta.

Akafumbua jicho. Mwezi ulikuwa juu. Na pale juu ya uwanda, pasipo tawi, alipita mnyama. Hana unyoya hata mmoja. Mabawa ya ngozi. Anaruka kimya, hatui popote, na huku anaruka anadondosha mbegu za mvule. Ta. Ta. Ta.

Nyinyi mnamjua. Ni yule anayelala mchana, miguu juu, kichwa chini. Msimtaje. Hondohondo hataki jina hilo litajwe, na sisi tumo ndani ya hadithi yake.

"Mume wangu," mkewe akauliza ufani, "nani huyo?"

"Hakuna mtu. Lala."

Yeye hakulala. Kijiba cha roho kilimkaa. Kumbe panapandika pale. Kumbe aliyeweza si mimi.

Mvua zikanyesha. Uwanda ukachipua miche ya mvule, mibichi, miororo, juu ya majivu. Siku ya kutaja ikafika. Kima akakaa tawini kwake.

"Haya. Huu wa nani?"

Kimya.

"Na hii yote kule uwandani?"

Wanyama wakageuza vichwa, wote kwa pamoja, wakamtazama Hondohondo.

"Mzee," Kima akasema, "wewe unalala pale mvuleni. Uwanda wote uko machoni pako. Umemwona nani?"

Jina likampanda Hondohondo hadi kooni. Akayatazama maji. Akaona, kama vile limeshatokea, yule wa usiku akinywa wa kwanza, na yeye Hondohondo amesimama nyuma, kati ya sungura na nguchiro, anasubiri zamu.

Akalimeza. Gulu.

"Labda upepo," akasema.

"Upepo wa mwaka huu una akili," akasema Kima. "Umechagua mbegu, umepanda mvule mtupu." Wakacheka. "Mdomo mkubwa namna hiyo, mzee, na leo umekosa neno?"

"Sikuona mtu."

Basi Paa akasogea mbele, akainamisha macho. "Jamani, msinilaumu. Sheria ni sheria, na mimi tumbo ni tumbo." Akaimba, kama ilivyo desturi ya kuuliza kabla ya kula:

Mche, mche, u wa nani?
Ukitajwa, nakuacha.
Huna jina, nakumeza.

Akangoja. Tafu, tafu, tafu.

Siku hiyo Hondohondo akanywa maji wa kwanza, kwa miche yake ya msituni. Maji yalikuwa na ladha ya majivu.

Kesho yake wimbo tena. Tafu, tafu. Kesho kutwa tena. Uwanda ukaanza kurudi ulivyokuwa.

Alfajiri moja yule wa usiku akapitia mvuleni, akielekea pangoni kwake kulala. Akajining'iniza tawini.

"Shikamoo, mzee."

Hondohondo hakuitikia.

"Mzee, miche inaliwa. Mimi mchana macho yangu hayastahimili jua, siwezi kuja kusimama chemchemini. Uliniona nikipanda?"

"Nilikuona."

"Basi nitaje."

"Ili unywe wa kwanza?"

Yule akacheka kidogo. "Mimi hunywa usiku, nyote mkiwa mmelala. Nani atanipangia foleni? Maji ya kwanza ni yako, mzee, kunywa. Sikuombi jina kwa ajili yangu. Miche ndiyo inayolihitaji."

Akaenda zake. Hondohondo akabaki na hasira. Kumwonea wivu anayekitaka kiti chako ni kazi nyepesi, mtagombana, basi. Lakini huyu kiti chenyewe hakukitaka. Alikuwa na ile kazi tu, na kazi ilikuwa nzuri.

"Nitamtaja mwakani," Hondohondo akajiambia. Mwakani, miche yote ikiwa tumboni mwa Paa.

Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi ukuta wa tundu ukawa na nyufa. Hondohondo akashuka chemchemini kuchota udongo, akaziba. Ukapukutika. Akachota tena, akaziba. Ukapukutika tena.

"Usijisumbue," mkewe akasema kutoka ndani. "Huo si udongo, ni majivu na mchanga. Mlima unatuteremkia."

"Nitatafuta udongo kwingine."

"Mume wangu, sikiliza. Mayai yameanguliwa. Ni mabinti."

Kwa ndani kulisikika sauti ndogo, cii, cii.

"Mabinti zetu watazibiwa mlango katika mti gani?" mkewe akauliza. "Huu ndio mvule wa mwisho wenye tundu. Nasikia kule uwandani mivule ilikuwa imechipuka, na kila siku nasikia wimbo wa Paa. Yule aliyekuwa anadondosha usiku, mimi nilimsikia. Sikumwona, ufa ni mwembamba. Wewe ulikuwa nje."

"Niliona giza tu."

"Palikuwa na mwezi. Mwanga wake uliingia hadi huku. Unaniletea chakula kwa shida siku hizi. Matunda yanakwama. Kuna kitu kimekaa kooni mwako, baba watoto. Kicheue."

Kutoka ng'ambo ya uwanda wimbo ukaanza.

Mche, mche, u wa nani?

Ilikuwa imebaki miche michache, ukingoni mwa uwanda, upande wa mbali. Paa alikuwa amesimama mbele ya ule mrefu kuliko yote.

Ukitajwa, nakuacha.

Hondohondo akaruka. Fuu, fuu, fuu, mabawa yakavuma. Kwa mara ya kwanza tangu moto, akaukata uwanda. Hapakuwa na tawi la kutua. Akatua chini, kwenye matope, akapepesuka, akaangukia mdomo.

"Mzee umeshuka uwandani leo?" Kima akaita juu ya kisiki. "Au mti umekukataa?"

Huna jina...

"Unalo," akasema Hondohondo. "Jina lipo. Mche huu una mwenyewe."

Paa akabaki ameachama, jani likimgusa ulimi.

"Nilimwona kwa macho yangu. Alipanda pale niliposhindwa. Nilijua tangu siku ya kwanza, nikasema upepo. Haukuwa upepo. Ulikuwa wivu wangu."

Hakuna aliyecheka. Hata Kima aliukunja mkia.

"Basi mtaje, mzee," akasema polepole. "Paa anachoka kuachama."

Hondohondo akanyoosha shingo. Koo likapanda, likashuka, likapanda.

Ngojeni kwanza, wana na wazazi. Kabla hajasema, shikeni haya. Wivu hula msitu kuliko paa, na huuchoma kuliko kijinga cha mrina asali. Ukimwona mtu anapanda, mtaje, hata kama hapandi kwa namna yako. Ukitoka msituni, zima moto wako, hata ukiwa na haraka. Mti mkongwe wenye tundu usiukate kwa kuwa haufai mbao, huenda ndani yake kuna mama. Ukila zambarau njiani, mbegu iteme penye udongo. Na wale wanaoning'inia pangoni usiwafukize moshi. Usiku wewe ukilala, wao wanakupandia.

Hadithi yangu inafia hapa, mdomoni mwa Hondohondo. Mdomo ule mkubwa ukafunguka, na jina likatoka kama kokwa lililokwama msimu mzima.

"Popo."