Mwenye Kipusa

Hapo zamani, na wewe wa nyuma acha kutafuna nisikike, palikuwa na mji wa Siwaya. Kila mwaka farasi walishindanishwa ufukweni, maji yakishakupwa. Jina la mwenye farasi aliyeshinda lilichongwa ubaoni kabla maji hayajafuta nyayo. Zikifutika, basi, halichongwi tena. Aliye ubaoni ni mwenyeji, yeye na uzao wake. Asiyekuwamo ni mgeni hata kama kitovu chake kimezikwa hapo, na mgeni huondoshwa siku yoyote wakubwa wakitaka.

Majina thelathini na tisa yalikwisha kuchongwa. Ilibaki nafasi moja, ya mwisho.

Mwaka huo alishinda farasi jike, Kipusa. Mpiga mbiu akaita kama ada, "Mwenye Kipusa na ajongee." Wakajongea watu watatu, wote wageni. Makubwa haya! Miaka yote ile mtu alilea farasi wake na kumpanda mwenyewe. Nani angefikiri kuuliza mwenye ni yupi?

Shekuwe akasema, "Ni wangu. Nilitoa shamba la marehemu baba nikampata huyu angali tumboni mwa mamake. Mlinicheka, nikavumilia."

Mwana Esha akasema, "Mamake alikufa akimzaa. Nilimnywesha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa, nikalala naye zizini miezi saba. Shekuwe alikuwa akija kuchungulia tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Lali aliyempanda, mkono ukining'inia, akasema, "Hatamu ilikatika katikati ya mbio. Nikagongwa, mkono ukavunjika. Nikang'ang'ania manyoya ya shingo kwa huu mmoja. Ningeanguka, leo mngegombea nini?"

Wazee wakaanza kubishana. Huyu mali, yule malezi, huyu mbio. Mmoja akasema, "Waandikwe wote watatu."

"Wapi?" akauliza fundi, patasi mkononi. "Nafasi hii ni ya jina moja. Semeni upesi, maji yanapanda."

Wakabishana tena. Shekuwe akawa anahesabu nyayo kwa midomo. Lali hakutulia mahali pamoja. Mwana Esha akaketi mchangani akalia mbele za watu, maana alikuwa na watoto watatu na hakuwa na pa kuwapeleka.

Wimbi likaja, likarudi. Nyayo za Kipusa zikabaki nne. Fundi akaweka patasi juu ya ubao, akainua nyundo, akawageukia watu.

Nanyi msinitazame mimi. Semeni: je, mwenye Kipusa ni nani?