Kwa Nini Watu wa Hobleden Hugonga Sufuria Pamoja

Niliyaona yote haya mwenyewe, nimekaa juu ya ukuta wa mawe wa Hobleden, kule Uingereza, na anayebisha aniambie yeye siku hiyo alikuwa wapi.

Zamani hizo Hobleden kilikuwa kitongoji cha nyumba tano, kimezungukwa na vijiji vikubwa kukizidi. Kila nyumba ilifuga nyuki, na kila mtu alimchungulia jirani kwa upenyo wa pazia. Kanuni ya pande zile ilikuwa moja: nyuki wakihama, anayewafuata huku akigonga sufuria ndiye mwenyewe, hata wakatue shambani kwa mtu.

Asubuhi moja nyuki wa Bi Thirza walihama. Bi Thirza alikuwa mjane mwenye mguu uliovimba, na mzinga wake ulikuwa huo mmoja tu. Asali yake ndiyo iliyompatia unga wa miezi ya baridi. Akajiburuta hadi njiani, akamnyooshea sufuria jirani yake.

"Amos, nigongee. Mimi siwezi kukimbia."

Amos akaipokea. Hapo Dorcas, mshona nguo wa nyumba ya tatu, akamshika mkono. "Ukigonga wewe watakuwa wako. Si tunakujua?"

"Basi gonga wewe."

"Ili kesho useme nimeiba? Thubutu."

Sufuria ikapita mkono hadi mkono kama kaa la moto, na aliyeishika alitazamwa kama mwizi. Mimi niliwashauri wagonge wote, na wazo hilo ni langu hadi leo, ila hawakusikia. Nyuki wakavuka mto, wakaingia mnara wa kanisa la kijiji cha Fenwold, na watu wa Fenwold wakawapokea kwa masufuria.

Baridi ilipoingia, Amos alimpelekea Bi Thirza sahani ya asali. Haikutosha. Bi Thirza akafunga mlango, akaenda kuishi kwa dada yake, mbali, na nyumba ile ikabaki tupu.

Na tangu siku hiyo, nyuki wakihama Hobleden, kila nyumba hutoka na sufuria yake, wakagonga na kukimbia bega kwa bega, asipatikane wa kudai peke yake. Watu wa vijiji jirani husifu upendo wao. Upendo gani? Wakikimbia, nyuki wako juu, na macho yao yako mikononi mwa wenzao.

Ila ile sahani ya asali niliitia mimi humu hadithini. Bi Thirza hakupelekewa kitu.