Kanga Aliyeacha Kuoga Vumbi

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Anayetaka kujikuna ajikune sasa hivi, amalize, maana hadithi hii inawasha.

Hapo zamani za kale, siku ya Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi. Ndiyo, Jumanne. Hata zamani za kale Jumanne zilikuwepo, na mambo haya hayakuanza Jumatatu. Saa hiyo Kanga alisimama ukingoni mwa kishimo chake cha vumbi. Bawa moja amelikunjua. Mguu mmoja ameshauingiza.

Kanga huyu alikuwa msikilizaji. Nyika nzima ilimjua. Mnyama akifiwa, akiachwa, akiogopa kivuli chake mwenyewe, alikwenda kwa Kanga, pale penye kichuguu chekundu. Kanga alimkalisha kivulini, akamwimbia:

Njoo uketi, njoo utue,
Mzigo wako niujue!

Nanyi mwitikie: Lia, lia, usikiwe!

Mnyama akalia. Akimaliza, akajikung'uta, pu! pu! pu! Akaenda zake mwepesi.

Lakini kilio kina viroboto. Msicheke. Mama yake Kanga alimwambia hayo tangu akiwa kifaranga: "Mwanangu, anayelia akijikung'uta, viroboto wake huruka. Wanarukia wapi? Kwako wewe uliyekaa karibu. Basi ukimaliza kusikiliza, oga vumbi. Usiende kuatamia mayai yako na viroboto wa watu."

Na Kanga alioga. Kila akimaliza kusikiliza kilio, alijitupa kishimoni, akajigaragaza, fuu! fuu! vumbi likaingia kila unyoya, viroboto wakaanguka. Kisha akaingia kichakani, akayakalia mayai yake, akatulia tuli. Mumewe? Mumewe alikuwa huko na kundi, anapiga kelele. Tumwache.

Sasa, Jumanne ile, mguu mmoja vumbini, akasikia vishindo. Kudu! kudu! kudu! Nyumbu huyo, povu mdomoni.

"Bi Kanga! Mwanangu! Mto umemchukua mwanangu!"

Kanga akatazama vumbi. Akamtazama Nyumbu. Unamwambiaje mama aliyepotelewa na mwana, ngoja nioge kwanza?

"Leo tu," akajisemea. Akautoa mguu.

Akamsikiliza Nyumbu mpaka jua likawa utosini. Nyumbu akajikung'uta, pu! pu! pu! akaenda. Kanga akageuka aende kuoga. Nyuma yake amekaa Fisi, anafuta pua.

"Bi Kanga, wamenicheka tena."

"Nani, Bwana Fisi?"

"Wote. Halafu mimi nikicheka, wanakimbia."

Leo tu. Akamsikiliza Fisi. Nyuma ya Fisi, Pundamilia. Nyuma ya Pundamilia, Nungunungu, ambaye hakuna aliyethubutu kumkumbatia.

Jumatano ikawa leo tu. Alhamisi ikawa leo tu, wiki ikapita, ikaja nyingine. Habari ikaenea kwamba siku hizi Kanga hakatizi, hata kuoga haendi, na wanyama wakasema, "Huyo ndiye msikilizaji wa kweli!" Kanga akazisikia sifa hizo. Zilimwasha na zilimpendeza, vyote pamoja.

Kuwashwa sasa. Kuwashwa! Kwanza shingoni. Kisha chini ya bawa. Kisha mahali ambapo mdomo haufiki. Akikaa, anainuka. Akiinuka, anakaa. Anadonoa mbegu, anaiacha. Anakwenda kunywa maji, anasahau alichofuata. Na viroboto wale hawakuwa kimya. Kila kiroboto alilia kwa sauti ya mnyama aliyemleta. Kanga akifumba macho, mmoja anasema sikioni, "Mwanangu! Mto!" Mwingine anasema, "Wamenicheka." Na yule wa Nungunungu, mdogo kuliko wote, hasemi kitu, anashusha pumzi tu. Huyo ndiye aliyemkosesha usingizi.

Jirani yake alikuwa Kwale, shoga yake, mwenye mdomo usiojua kupumzika.

"Shoga," akasema Kwale, "kishimo chako kimeota nyasi. Unalima?"

"Nitaoga kesho."

"Kesho ya mwaka gani?"

"Nikienda kuoga, nani atamsikiliza Fisi?"

"Fisi ana miguu minne na meno ya kutosha. Atasubiri."

"Wewe huelewi kazi yangu, mwenzangu."

"Sielewi, kweli. Naelewa harufu."

Kanga akamfokea. Akamfokea mpaka manyoya yakamsimama. Zamani hakuwa na maneno ya namna hiyo. Kwale akamtazama kwa jicho moja, akaondoka.

Siku hiyohiyo, alasiri, akaja Ngiri. Mnamjua Ngiri, akifurahi anakimbia mkia juu, wima kama bendera. Alikuja hivyo, mkia juu, vumbi nyuma.

"Bi Kanga! Mke wangu amejifungua!"

Kanga hakuinua kichwa. "Pole sana," akasema. "Lia tu, usikiwe."

"Nilie nini? Nimepata watoto! Wazima, wanene!"

"Mh. Pole. Yatapita."

"Yatapita nini? Watoto wangu?"

"Mh," akasema Kanga. "Mh. Pole."

Mkia wa Ngiri ukashuka. Taratibu, taratibu, mpaka ukagusa nyasi. Akageuka, akaenda zake.

Kwale alikuwa juu ya kichuguu, amesikia yote. Akacheka mpaka akateleza. "Shoga! Umempa mwenzio rambirambi ya uzazi!" Akashuka mbio aje amtanie vizuri. Hakumkuta. Akamtafuta kichakani, akamwona, akaacha kucheka.

Kanga alikuwa anakaa juu ya mayai, anaruka. Anakaa, anaruka. Viroboto wamejaa kiotani, wanamwuma tumboni, hawezi kutulia hata kwa muda wa kumeza mate.

"Toka siku gani?" akauliza Kwale.

"Sijui."

Kwale akayagusa mayai kwa kifua chake. "Yamepoa."

Basi Kanga akainama, akaweka sikio juu ya yai. Maana siku za mwisho kifaranga hugonga kutoka ndani: ko, ko. Na mayai haya yalikuwa yamefikia siku zake. Kanga, msikilizaji wa nyika nzima, aliyesikia machozi kabla hayajadondoka, akaweka sikio, akasikiliza.

"Mwanangu! Mto!"

Akahamia yai la pili.

"Wamenicheka."

La tatu. Pumzi ya Nungunungu.

"Siwasikii wanangu," akasema Kanga. "Kwale, siwasikii."

"Kaoge."

"Fisi ananingoja pale nje."

"Fisi anangoja tangu dunia iumbwe. Kaoge!"

"Nikimwacha akafa je?"

"Na hawa wakifa je?"

Kanga akayatazama mayai. Kwale akaketi kando yake. Kisha akasema polepole, "Mwaka jana siafu walipoingia kwenye mayai yangu, nililia kwako. Ulinishika. Mimi sijui kusikiliza kama wewe, shoga. Ukija kunililia ya mayai, sina la kukuambia. Usinifikishe huko."

Hapo Kanga akasema neno ambalo hakuwahi kulisema pale penye kichuguu chekundu. Akasema, "Nimechoka." Akalia. Akalia kama Nyumbu, akalia kama Fisi. Kwale hakujua kuimba, hakujua aseme nini, akawa anakohoakohoa na kusema "Ee. Ee." Lakini hakuondoka. Kanga akamaliza, akajikung'uta, pu! pu! pu!

"Mama yangu!" Kwale akaruka. "Kumbe kweli wanaruka!"

"Kaoge," akasema Kanga, na wote wawili wakacheka, kidogo, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne.

Kwale akakimbilia kishimo chake mwenyewe kabla jua halijazama, akaoga chapuchapu, akarudi. Akakitikisa kiota, akabadilisha majani, akayakalia mayai ya Kanga. "Mimi sitoki hapa. Wewe kachimbue shimo lako."

Kanga akaenda. Nyasi zilikuwa zimeshika. Vumbi limegandamana. Akang'oa, akaparura, kwaru! kwaru! Umande ukaanza kushuka, na vumbi bichi haling'oi kiroboto. Ikabidi angoje jua. Hakulala. Aliwashwa mpaka alfajiri.

Asubuhi yake jua likatoka, vumbi likakauka, likawa laini kama unga. Na foleni ikafika. Mbele kabisa, Fisi.

"Bi Kanga, leo nakufa! Leo nakufa kweli!"

Kanga akasimama ukingoni. Bawa moja amelikunjua. Mguu mmoja ndani. Mguu ukataka kutoka.

"Kufa polepole, Bwana Fisi," akasema. "Naoga."

Akajitupa. Fuu! Akajigaragaza kushoto, fuu! kulia, fuu! Viroboto wakaanguka. Yule wa mto akaanguka. Yule wa kicheko akaanguka. Wa Nungunungu alishikilia mpaka mwisho, naye akaanguka. Foleni yote ikatazama, na hakuna aliyekufa. Fisi alikaa chini, akaanza kupiga soga na Pundamilia.

Kanga akainuka, akaingia kichakani, akaweka sikio.

Kimya. Kimya kizuri, kisicho na mtu ndani yake. Kisha: ko.

Ko, ko.

Akapita yai moja baada ya jingine. Yakajibu. Moja halikujibu. Akabaki nalo kidogo, peke yake, Kwale akiangalia pembeni. Kisha akatoka nje.

Hakuanza na Fisi. Aliangaza macho mpaka mwisho wa foleni, alikosimama Ngiri, mkia chini, amekuja kulia sasa, kwa kuwa furaha yake ilikosa mpokezi.

"Bwana Ngiri," akaita Kanga. "Jana sikukusikia. Naomba unieleze tena. Mkeo amejifungua?"

Na mkia wa Ngiri, taratibu, taratibu, ukainuka.

Sikilizeni basi, wakubwa kwa wadogo. Wewe unayepokea machozi ya wenzako, iwe ni kazi yako au ni moyo wako tu, pumzika, jisafishe, na wewe utafute wa kukusikiliza. Kujitunza si kuwanyima. Asiyejikung'uta vilio vya jana hatasikia cha leo, wala hatamsikia wa kwake akibisha ndani.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa kishimo. Mkiinuka, jikung'uteni kwanza, lakini msinikung'utie mimi.