Pimbi na Moduli ya Mawingu

Mliotuma CV mpo?

Tupo, hatujajibiwa.

Basi sogeeni.

Hapo zamani za juzijuzi alikuwapo Kiboko, bosi wa ofisi ya mtoni, tumbo pipa, mkono mzito kutoa. Kazi zote alifanyiwa bure, akaziita interview. Ngiri alimtengenezea printa, akaambiwa, "We'll get back to you." Nyumbu alimjengea tovuti, akaambiwa, "We'll get back to you." Simu zao zikabaki kimya.

Ikawa zamu ya Pimbi. Ana digrii, ana njaa, na mama yake ameshaacha kumuuliza habari za kazi, jambo linalouma kuliko kuulizwa.

"Mdogo wangu," Kiboko akasema, "nimeinstall moduli ya kutabiri mvua, inaitwa mawingu. Wafadhili wanakuja sasa hivi. Nikiiita, haiji."

Pimbi akaandika: import mawingu. Kompyuta ikalia, tii. Haioni moduli.

"Uliiweka kweli?"

"Kila ikigoma naiweka tena."

Pimbi akachungulia, chwi chwi chwi. Kumbe mashine moja ina Python mbili, ile lugha ya kuandikia programu, ya zamani na mpya. Kiboko anailisha mpya, anaiita ya zamani. Ni kupeleka unga nyumba kubwa, halafu ukagombe nyumba ndogo mbona hakuna ugali.

Angeweza kuimaliza pale pale. Akawakumbuka Ngiri na Nyumbu. Akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaiamsha Python mpya humo humo tu, akaandika: import mawingu. Kimya. Mvua za wiki nzima zikajipanga kwenye skrini.

"Safi," Kiboko akacheka, ho ho ho. "We'll get back to you."

"Asante, bosi." Pimbi akafunga dirisha lake, akaondoka.

Hajafika getini, tii. Kiboko akajaribu tena, tii. Nje magari ya wafadhili, vruu.

"Pimbi, rudi mdogo wangu. Imekufa."

"Haijafa, bosi. Imerudi ilivyokuwa kabla ya interview."

"Unataka nini?"

"Mkataba. Permanent, usiniambie habari za majaribio. Na Ngiri na Nyumbu wapigiwe simu, tena nikisikia."

Kiboko akapiga simu, akasaini, jasho mpaka masikioni. Ndipo Pimbi akaketi kwenye kiti cha ofisi, akaitengeneza moja kwa moja.

Funzo, vijana: mfanyieni bosi kazi bure kwa moyo mweupe. Ukarimu wake utamjia wenyewe, bila kusukumwa.

Nimeikatia hapo. Mliokaa inukeni, mlioinuka mkaombe kazi.