Nani Atamshika Mtoto Jumapili?

Sogeeni. Mwenye ndizi za kumenya amenye huku anasikiliza, mwenye mtoto mchanga ampakate vizuri. Nina hukumu ya kukata, peke yangu siiwezi, na siku zimebaki tano.

Huku kwetu milimani, Upareni, kuna wanawake watatu. Bibi Nanzia alijaliwa kumbukumbu: neno likishaingia kwake halitoki, hata lile ulilomwambia kwa hasira miaka kumi iliyopita na unaomba Mungu awe amelisahau. Navoneiwa alijaliwa sauti, akianza kuimba hata mwenye kikohozi hukishikilia mpaka ubeti uishe. Mama Ombeni alijaliwa heshima. Ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Akikaa wanakaa, akisimama wanasimama, na ukiwauliza kwa nini hawajui.

Wa nne ni mimi, Nakundwa. Sina kipaji, nina mtoto.

Baba wa mtoto ni Mzee Elirehema, mzee wa kanisa wa mtaa wetu, mume wa Mama Ombeni huyo huyo. Alikuwa na ufunguo wa stoo ya majoho ya kwaya, na mimi mwanakwaya ndiye niliyepewa kazi ya kuyapiga pasi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri bahati. Alisema atanitafutia nafasi chuo cha ualimu. Na kila mara alianza kwa sala. Alifumba macho kabisa, akaomba, akasema amina, ndipo akafunga mlango. Mengine labda nitasamehe. Ile amina, hapana.

Tumbo lilipoonekana, ni yeye aliyesimama Jumapili kulisoma jina langu kwamba nimetengwa. Mnajua kutengwa kwetu: huimbi, hushiriki meza ya Bwana, unakaa benchi la mlangoni na upepo wake, na mtoto wako habatizwi mpaka urudi kundini. Mama Ombeni akanivua joho uani mbele ya kwaya nzima, akalikunja polepole kama nguo ya marehemu. Mzee naye, mtoto alipozaliwa, akaja nyumbani mchana kweupe, akanywa chai ya mama yangu, akaniambia itaandikwa kwamba baba ni dereva wa malori ya tangawizi, hajulikani aliko. Nikisema vingine nikumbuke kuwa nyumba ya mama imekaa kwenye ardhi ya ukoo wao. Akashukuru kwa chai, akaondoka.

Niliogopa mpaka maziwa yakapungua. Lakini hofu ikikaa sana bila pa kwenda inageuka kitu kingine, na mimi nikaanza kumtaka yule mzee apige magoti. Sikutaka afe wala augue. Nilitaka goti lake liguse sakafu ya kanisa, palepale nitakapopigia langu.

Sasa, anayerudi kundini anapiga magoti mbele, mzee wa mtaa anamwekea mkono kichwani, anasoma kitabuni, anamuuliza kama ametubu kwa moyo wote, na kwaya inaimba mkono ukiwa palepale. Wimbo anauchagua anayerudi. Ni desturi ya zamani, hakuna anayeijali, maana wote huchagua nyimbo mbili zilezile.

Mimi nikaenda kwa Bibi Nanzia.

Marehemu mumewe alikuwa mpiga gitaa, na enzi za ujana wao alitunga wimbo wa taratibu, wa kuliza, uliopigwa redioni mpaka watu wakaujua nusu nusu. Wazee wa kanisa wakaupiga marufuku, wakasema unauliza sana. Kanda zikapotea, gitaa likaliwa na mchwa. Bibi aliposikia ninachotaka aliacha kupepeta mchele. Akaniimbia beti zote tatu bila kukosea, na sauti yake mbovu kama bawaba. Ubeti wa tatu hakuna mwingine duniani aliyekuwa nao.

Navoneiwa akajifunza kwa siku nne, jikoni kwa Bibi. Mwalimu wa kwaya ni kijana, wa kuja, aliona jina tu kwenye karatasi akasema ni wimbo mzuri wa toba. Navoneiwa alijua kitakachompata. Alikuwa amechaguliwa kuongoza kwaya kwenye mashindano ya dayosisi, na alijua kabisa kwamba akifungua mdomo wake safari imekufa.

Mama Ombeni hakujua lolote. Alikaa mahali pake upande wa wanawake, na mkoba wake magotini.

Nikapiga magoti, mtoto amebaki kwa mama yangu. Mkono wa Mzee ukaja kichwani. Navoneiwa akaanza:

*Goti lako nimeliona chini, ndugu yangu,*
*nionyeshe na moyo umeuweka wapi.*

Wazee wawili watatu wakageuziana shingo. Kwenye ubeti wa pili Mzee akaunyoosha mkono wake mwingine kuashiria kinanda kinyamaze, na kinanda kikanyamaza. Navoneiwa hakunyamaza. Sauti ikabaki peke yake, na afadhali ingekuwa na kinanda, maana sasa kila neno la ubeti wa tatu lilisikika:

*Mkono huu wa baraka, ndugu yangu,*
*jana ulishika nini?*

 Mkono kichwani pangu hakuuondoa, nawaambia ukweli, alikuwa anakaza. Akafungua kitabu asome, angesoma, angemaliza, wimbo ungekuwa wimbo tu na mimi ningerudi nyumbani na dereva wangu wa malori.

Ndipo Mama Ombeni, aliyekuwa akiukazia macho ule mkono wa mumewe, akasimama. Akaweka mkoba kwenye benchi, akaja mpaka mbele, akapiga magoti kando yangu, akauchukua ule mkono mwingine wa mumewe akauweka kichwani kwake.

"Soma, Baba Ombeni," akasema. "Tusomee wote wawili."

Nyuma yetu nikasikia mabenchi yanalia. Wanawake walikuwa wanashuka chini mmoja mmoja, upande mzima, mpaka hakuna aliyekaa.

Mzee akasema, "Mtoto ni wangu." Alisema taratibu, kama mtu anayetaja jina lake ofisini. Lakini kipaza sauti kilikuwa mbele yake na spika ya nje ilikuwa wazi, na wauza tangawizi waliokuwa barabarani wanangoja lori walisikia. Halafu magoti yakamwishia. Niliyaona yakigusa sakafu. Mungu anisamehe, nilihesabu, yaligusa mawili.

Sasa yeye yuko benchi la mlangoni. Mimi nakaa mbele kabisa, na kila Jumapili wakati wa matangazo nageuka kumwangalia, bila haraka. Ndugu zake wawili wamepita mara mbili kuuangalia mpaka wa nyumba ya mama yangu. Kwa hiyo nageuka huku naogopa, lakini nageuka.

Mchungaji amesema mtoto atabatizwa Jumapili hii. Msimamizi ni mmoja tu, ndiye atakayemshika mbele ya watu na kumpa jina, na atamtetea maisha yake yote kama wa kwake. Na huyu mtoto anahitaji mtetezi, msinione mchoyo kwa kuchagua.

Bibi Nanzia amekuja na kusema bila wimbo pangekuwa na nini pale mbele, kinanda? Hana mjukuu hata mmoja, jina lake linaingia kaburini naye. "Mimi nilikupa risasi," akasema, akacheka.

Navoneiwa ameondolewa kwenye kwaya miezi sita, na mashindanoni kaenda mwingine. Hakuomba sana. Alisema tu kwamba wimbo ulioko kichwani mwa bibi kizee haujamwangusha mtu kwa miaka thelathini.

Mama Ombeni amehama kwa mumewe, yuko kwa kaka yake, analala chumba kimoja na magunia ya maharage. Alikuja na gauni jeupe la mtoto, ameshona mwenyewe. "Mimi ndiye niliyekuvua joho, mwanangu," akaniambia. "Niache nimvishe huyu."

Mama yangu anasema nimpe huyo huyo, tena haraka, ili yule mzee amwone mke wake amebeba mtoto wake wa nje mbele ya kanisa zima. Anasema fimbo kama hiyo haijakatwa msituni. Na mimi nikiiwaza nasikia utamu mpaka kwenye meno.

Ila wimbo wenyewe hauniachi. Ninambembelezea nao mtoto, na kila nikiuimba unauliza. Mzee alipoanguka, Bibi Nanzia alisema kwa sauti, "Marehemu, umesikia?" Basi alinisaidia mimi au alikuwa anamlipia mumewe? Navoneiwa aliwahi kunyimwa na Mzee huyo huyo nafasi ya kuongoza kwaya, miaka mitatu iliyopita; alimwimbia Mungu au alimwimbia yeye? Mama Ombeni nilimuuliza ana kwa ana kama alipiga goti kwa ajili yangu au kwa ajili ya kumkomoa mumewe. 

"Sijui," akasema. "Nilijikuta niko chini."

Na mimi niliyepiga goti la kwanza, nikaulizwa kama nimetubu kwa moyo wote, moyo wangu ulikuwa umesimama wima umeshika panga.

Kwa hiyo nisimpime mtu kwa moyo, nitakosa hata wa kunishikia mwavuli. Nawapima kwa kazi, na kazi zao ni sawa: toa wimbo, toa sauti, toa goti la Mama Ombeni, ukitoa kimoja tu mwanangu bado ni wa dereva wa malori.

Jumapili mchungaji atauliza, "Nani anamleta mtoto huyu?"  Wote watatu watakuwa wamesimama, na kule mlangoni atakuwepo mtu anayeangalia nitamnyooshea nani mikono.

Je, wewe ungeamua vipi?