Mtani wa Pamba

Mwaka ule jua liliwaka hata vyura wakahama bila kuaga. Katika ukame huohuo Bi Ndovu akafiwa na Pamba, sungura wake mweupe wa kufugwa, aliyezoea kulala kwenye kivuli cha sikio lake. Hakuuawa na mtu. Alizeeka tu, akafumba macho. Bi Ndovu akamzika kando ya kichuguu na kukaa matanga. Majirani walimwambia, "Pole shoga, ni sungura tu, utapata mwingine." Akazidi kulia, maana hakutaka mwingine.

Kesho yake akaja Fisi, akilia kumshinda mfiwa. "Pamba, mtani wangu! Umeniachia nani?" Akajigaragaza vumbini, huku jicho moja likikagua kaburi kama udongo bado ni laini.

"Kumbe mlikuwa na utani?" aliuliza Bi Ndovu. Alivyokumbuka yeye, Pamba akimwona Fisi alikuwa akijificha.

"Tangu mababu, mama! Wewe kapumzike, kaburi nitalilinda mimi."

Bi Ndovu aliingiwa na hofu, lakini mtani hafukuzwi msibani. Hapo Sungura wa porini, binamu wa marehemu, akafuta machozi na kusogea.

"Karibu, mtani. Basi anza kazi. Mtani humwigiza marehemu mpaka mwenye msiba aanue matanga. Au umesahau mila?"

"Nisahau mimi?" alisema Fisi, akaanza kurukaruka, matako juu, masikio kayasimamisha. Bi Ndovu akajikuta anacheka huku analia.

"Pamba alikula majani," alikumbusha Sungura.

Fisi akatafuna majani makavu. Sasa machozi yakamtoka ya kweli.

"Na alilala hapa," alisema Bi Ndovu, akamvuta kwa mkonga na kumfunika kwa sikio. Kila Fisi alipojaribu kunyemelea kaburi, mkonga ulimrudisha kivulini.

"Mama, si uanue matanga?" alilalamika, tumbo likinguruma.

"Uchungu haujanitoka."

"Utatoka lini?"

"Kwa kweli, baba, sijui."

Alipoletewa fungu jingine la majani, Fisi akabwaga manyanga. "Sina utani na mtu! Nilitaka kulifukua kaburi nile! Niacheni niende zangu!"

Waombolezaji wote wakasikia. Mkonga ukamnyanyua, ukambwaga kwenye miba, naye akatimua mbio bila kugeuka. Tangu hapo akisikia kilio cha msiba hupitia njia nyingine.

Sungura akajikung'uta vumbi, tayari kuaga. Bi Ndovu akalitazama kaburi, kisha kivuli cha sikio lake, kitupu.

"Kaa kidogo," alisema.

"Mimi sifugwi, shangazi."

"Sijasema nikufuge. Sitaki Pamba mwingine. Nataka mtu wa kuzungumza naye habari zake."

Sungura akarudi, akaketi kivulini. "Haya," alisema, "hivi ni kweli alikuwa akikoroma?"

"Mwanangu we!" alisema Bi Ndovu, na kuanza kusimulia.